Mita Tisa Kwenda Chini

Ndhiwa
Jumatatu, 3 Machi 2025

Linet binti yangu,

Masika yamekuja mapema, na paa langu limekumbuka kila mahali linapovuja. Masikio nayo yamezidi kuharibika. Mtu akinipigia simu nasikia nyuki ndani ya debe, kwa hiyo nimeacha simu kabisa. Naandika kwa mkono, na Mourine wa duka la kupiga chapa hapa sokoni anapiga picha kurasa hizi na kukutumia. Majibu yako anayachapa na kuniwekea mpaka nipite. Hanitozi kitu, ila maoni yake hunipa hata nisipoyaomba. Juzi aliniuliza, "Mwalimu, huyu Linet anasomea kitu haionekani. Sasa hiyo digrii nayo itaonekana?" Nikamwambia asubiri.

Ndugu yako Job alikuja Jumamosi. Tangu samaki wa mbuta wapungue ziwani amekuwa akichimba dhahabu katika vilima vya nyuma ya Karungu, kama ujuavyo, na sasa mvua imewajazia shimo maji. Alikaa kwenye kiti kile ulichokuwa ukikalia ukifanya hesabu zako, akafuta matope usoni, akasema, "Mwalimu, hii mashine yetu ya kuvuta maji imekufa ama ni maji imekataa? Tunaiwasha huko juu, inanguruma tu, mpira wa maji unavuta hewa. Na maji iko chini, mita kumi na sita."

Nilicheka, Linet. Miaka sita tangu nistaafu, na swali langu la kidato cha pili limenifuata mpaka sebuleni. Nikamwuliza ni nani apandishaye maji ndani ya mpira. "Si mashine?" Nikamwambia la, mashine huondoa hewa tu ndani ya mpira. Anayepandisha maji ni uzito wa hewa yote ya dunia unaoyakandamiza kule chini, na uzito huo una kikomo. Kwa mwinuko wetu huu, na kwa mpira mkuukuu kama wao, maji hayatapanda zaidi ya mita saba hata ukileta mashine ya serikali. Nikamchorea nyuma ya kalenda. Kumi na sita toa saba ni tisa. Jengeni jukwaa la mbao ndani ya shimo, mita tisa kwenda chini, mkaifunge mashine hapo. Pampu ni dhaifu katika kuvuta, lakini katika kusukuma ni fahali.

Alijipiga paja. "Mwalimu, wewe ungekuwa mchimbaji tungekuwa tunakuita mheshimiwa!" Akaikunja kalenda akaondoka nayo. Ameahidi kuniletea samaki Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Mkewe Robi hajambo, na watoto wote wawili. Kila nimwonapo Robi naona fahari kidogo, maana ni Mkuria mwenzangu na ni mimi niliyekwenda kwao Kehancha kumposea Job.

Sasa zamu yako. Niambie unapimaje gesi ya angani iliyo mbali kiasi hicho, tena baridi. Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili ila hana masikio.

Mwalimu wako,
Zablon Nyamhanga


Bonn
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwalimu,

Nilisoma barua yako kwa sauti jikoni, nikamsikia Job kabisa. Mwambie akikuletea samaki waliooza nitajua.

Haya, somo. Nyota huzaliwa katika mawingu ya gesi, na gesi hiyo karibu yote ni haidrojeni. Lazima iwe baridi mno, nyuzi mia mbili na sitini hivi chini ya sifuri, ndipo itulie na kujikusanya. Galaksi yenye gesi baridi nyingi bado ina uzazi. Iliyokwisha gesi huendelea kung'aa kwa nyota ilizonazo, lakini haipati nyingine. Kazi yangu ni kukadiria galaksi fulani za mbali zilikuwa zimebakiwa na kiasi gani. Nuru yake iliondoka huko miaka bilioni kumi iliyopita.

Taabu ni kwamba haidrojeni hiyo haionekani. Molekuli yake ni atomi mbili zilizofanana kama pacha, haina upande mmoja ulio tofauti na mwingine, na katika baridi kama ile haitoi mawimbi tunayoweza kuyapokea. Iko pale tani kwa matrilioni, imenyamaza. Kwa hiyo tunamtafuta jirani yake. Katika kila molekuli elfu kumi za haidrojeni kuna moja hivi ya monoksidi ya kaboni. Hiyo ina upande wa kaboni na upande wa oksijeni, na ikizunguka, hata katika baridi, hutoa mawimbi ya redio. Antena zilizoko jangwani Chile huyapokea. Tunapima monoksidi, kisha tunazidisha ili tupate haidrojeni.

Ndiyo ile ile ya jiko la makaa, Mwalimu. Ile uliyotukataza tusilale nayo mlango ukiwa umefungwa, ukasema haina rangi wala harufu, na kwamba popote moto unapokosa hewa ya kutosha, yenyewe imo. Mimi sasa nakula mkate kwa ajili yake.

Kinachonikosesha raha ni kile kizidisho. Kimepimwa hapa nyumbani, katika galaksi yetu, halafu tunakibeba na kwenda kuhesabia mali ya watu tusiowajua. Galaksi yenye fujo inaweza kuhitaji kizidisho kilicho robo au hata moja ya tano ya hiki chetu. Ukikosea hapo, utasema mtu ana ghala tele, kumbe amebakiwa na kibaba.

Job amefaulu na mashine?

Mwanafunzi wako,
Linet


Ndhiwa
Ijumaa, 28 Machi 2025

Linet,

Kaka yako Walter alikwisha kukupigia, kwa hiyo sikuletei habari. Nakuletea tu niliyoyaona, kwa kuwa hukupata kibali cha kusafiri na nduguyo Job amezikwa bila wewe.

Tulimzika Jumamosi iliyopita, upande wa kushoto wa nyumba yake. Mvua ilinyesha tangu asubuhi na kaburi likawa linatekwa maji kwa ndoo mpaka dakika ya mwisho. Walter, kama mkubwa wenu, alisimama kichwani pa jeneza muda wote bila kukaa. Wale vijana wengine wawili walioshuka kumtoa Job wamezikwa kwao. Shimo hilo limetuchukulia watu watatu asubuhi moja.

Nilimwona. Alikuwa kama mtu aliyelala, hana jeraha. Nakuambia hili lipate kukupunguzia yale unayoyawaza kule peke yako.

Yanayosemwa kuhusu kifo chao ni mengi. Wengine wanasema ni maji, wengine wanasema mengine. Mimi ni mzee, sikuwepo, na kazi ya kusema kilichoua ni ya daktari. Cheti kinasema walikosa pumzi.

Robi ndiye aliyewakuta. Job alikuwa ameondoka bila chakula, naye akamfuata na chupa ya uji. Machimboni, kama ujuavyo, mwanamke hasogelei mdomo wa shimo. Alikuta mashine imezimika na wanaume wanachungulia. Alisogea, akaita jina la Job, akaita tena. Ndipo wale wawili wakashuka, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyerudi. Walimshika Robi kwa nguvu asiwafuate.

Kula, ulale. Kazi yako isikwame. Job alikuwa akijisifia kwa watu kwamba dada yake anapima mbingu.

Mwalimu wako,
Zablon Nyamhanga


Bonn
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mwalimu,

Walter amenipigia mara tatu juma hili, na mara zote ni kuhusu Robi. Anasema alikwenda shimoni makusudi, alisimama mdomoni na kuita jina la mtu aliye ndani ya ardhi, na ardhi ikaitika. Anasema watu watatu wazima hawafi bila hata mkwaruzo. Nikamwambia, Walter, wewe ni msharika, unasoma masomo kanisani. Akanijibu, "Linet, mimi nimeosha maiti ya ndugu yangu. Viganja vilikuwa vyekundu, midomo na kucha vyekundu, kama mtu ambaye damu imekuja kumwita. Wale wawili wengine pia, niliuliza. Kule Ulaya mnaeleza hiyo vipi?"

Nilikuwa nalia, na nasema kweli, kwa siku nzima nilimchukia Robi. Niliwaza, kwa nini alikwenda? Kama asingeita, labda wale wawili wasingeshuka.

Halafu nikaona haya. Huyu ni wifi yangu. Alinisuka nywele siku ile niliyopanda ndege.

Wewe ulikuwa mazishini, na Walter bado anakuogopa kama wakati ulipomfundisha. Niambie kama ulivyokuwa ukituambia darasani, bila kunionea huruma. Nini kilimuua Job?

Linet


Ndhiwa
Jumanne, 22 Aprili 2025

Linet binti yangu,

Umeniuliza swali moja, nami nimelibeba wiki mbili. Usidhani nilikuwa nimekusahau.

Kwanza habari. Kabla ya Pasaka Walter na wazee wa ukoo walikaa kumjadili Robi. Nilikwenda kwao Karungu, nikamsihi Walter asifanye jambo kwa hasira. Aliniwekea kiti na chai kwa heshima zote, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wake. Ulikuja naye. Naomba usiniwekee uzito." Alhamisi Kuu wakaifunga nyumba ya Job kwa kufuli. Robi ameambiwa arudi kwao Kehancha na watoto wabaki, kwa kuwa ni wa ukoo. Mdogo hajaacha kunyonya. Mama alitembea mpaka barabarani, na mtoto alisikika akilia mpaka pikipiki ilipopotea. Haya niliambiwa, maana mimi masikio yangu yasingeyasikia.

Sasa swali lako. Chanzo cha kifo ni jambo gumu, Linet. Shimo ni mahali pa mambo mengi. Kuna maji, kuna kuporomoka, kuna hewa iliyochakaa, kuna moyo wa mtu mwenyewe. Mwanasayansi hapaswi kurukia jibu kabla ya kukusanya ushahidi wote, nami nilikufundisha hivyo. Tumwachie muda Walter apoe, kisha labda mambo yatajinyoosha.

Nilitaka zaidi kuuliza kuhusu kile kizidisho chako. Ukishagundua kwamba hakifai kwa galaksi fulani, unafanyaje? Unalazimika kutangaza kosa la awali, au unatoa tu hesabu mpya na kuacha ya zamani ijifie? Tena hiyo monoksidi, kiasi gani chake hutosha kuonekana? Na kiasi gani hudhuru? Nauliza kwa ajili ya kujua tu.

Mwalimu wako,
Zablon Nyamhanga


Bonn
Alhamisi, 1 Mei 2025

Mwalimu,

Leo ni sikukuu na ofisi imefungwa, kwa hiyo nimekaa na barua zako tatu mezani.

Tangu nikujue hujawahi kuniuliza kitu "kwa ajili ya kujua tu". Nilisoma swali lako kuhusu monoksidi mara mbili, nikaenda kwenye barua yako ya tarehe tatu Machi. Mita tisa. Jukwaa la mbao. Mashine ya petroli ndani ya shimo jembamba kama kisima. Kisha nikakumbuka viganja. Damu iliyoshika monoksidi ya kaboni huwa nyekundu kuliko damu ya kawaida. Hilo liko katika kitabu chochote cha daktari, nami ningelijua siku ile Walter aliponiambia kama nisingekuwa nalia.

Mashine ilizimika kwa kukosa hewa. Job akashuka kuona ina nini. Si ndivyo?

Ulijua lini? Naona ulijua ukiwa umesimama mbele ya jeneza. Ukaniandikia "kama mtu aliyelala" na ukaacha rangi.

Sikuandikii hivi kama mtu aliye safi. Barua yako ilinifikia Job akiwa hai. Niliisoma kwa sauti, nikacheka mahali pa fahali. Mimi, ambaye kila siku kazi yangu ni gesi hii, nilisoma kwamba ndugu yangu anashusha injini shimoni, na nikakujibu kwa kukueleza galaksi. Niliandika "jiko la makaa". Niliandika "popote moto unapokosa hewa". Sikuandika mashine. Mashine haikunijia kichwani, kwa sababu nilikuwa nafurahia somo.

Kwa hiyo tuko wawili. Na aliyefukuzwa ni wa tatu, ambaye kosa lake ni chupa ya uji.

Umeuliza tunafanyaje kizidisho kikiwa si chenyewe. Tunatangaza, Mwalimu. Tunaandika kwa majina yetu kwamba tulisema hivi, tukakosea, na hesabu ni hii. Mimi nimefanya hivyo mwezi uliopita mbele ya watu arobaini. Galaksi niliyodai ina ghala tele ina moja ya tano tu.

Walter hataamini maneno. Wewe mwenyewe ulituambia tusiamini neno la mwalimu, tupime. Basi pima mbele yao. Chukua jogoo. Na Robi awepo.

Tena uliza kama kuna shimo jingine lenye jukwaa. Job hakuwa mtu wa kuficha akili aliyopewa.

Linet


Ndhiwa
Jumatatu, 19 Mei 2025

Linet binti yangu,

Nimefanya. Nakueleza kwa utaratibu.

Nilimwandikia Robi Kehancha, naye akaja na kaka yake. Jumamosi tulikuwa mdomoni mwa shimo tangu asubuhi: Walter, wazee wanne, wachimbaji labda thelathini. Robi alisimama mbali karibu na mawe, kwa kuwa hawakumruhusu kusogea. Nilibeba jogoo wangu mwenyewe chini ya kwapa. Kijana mmoja akapaza sauti ili hata mimi nisikie, "Mwalimu ameleta mboga, ugali iko wapi?" Watu wakacheka.

Kwanza nilimshusha jogoo ndani ya kikapu, bila mashine, mpaka mita kumi na mbili, dakika kumi. Ulikumbuka kwamba lazima tuwe na jaribio la kulinganisha? Nililikumbuka. Alipanda mzima na mwenye hasira, akamdonoa aliyemtoa. Wakacheka tena. Kisha tukaivuta mashine ya Job kwa kamba kutoka kwenye jukwaa, tukaiwasha juu, tukaishusha ikinguruma mpaka pale pale ilipokuwa. Nilisubiri dakika arobaini kwa saa yangu. Haikutoka harufu ya kuwatisha, ni ile ya petroli tu, ambayo wameizoea. Ikazimika yenyewe. Nikamshusha jogoo yule yule, kina kile kile, dakika kumi.

Alipopanda, shingo ilikuwa imelala ukingoni mwa kikapu. Hakuna aliyecheka. Nilimweka juu ya gunia jeupe na kumwambia Walter atazame undu wa kichwani na ngozi ya usoni. Vilikuwa vyekundu kuliko alipokuwa hai. Walter alichuchumaa, akamgusa kwa kidole.

Nikawaeleza. Moto usiopata hewa ya kutosha huzaa gesi isiyo na rangi wala harufu, gesi hiyo hushika damu kwa nguvu kuliko hewa inavyoishika, na damu hubaki nyekundu huku mtu akifa. Nikawaambia hakuna jina la mtu linaloua, na hakuna uji unaoua.

Walter aliinuka. Akanisogelea sikioni, akasema polepole ili nisipoteze hata neno, "Sawa, Mwalimu. Nimeona. Sasa hii mashine, nani aliwaambia waishushe?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo, na ndilo lililonipeleka pale. Nilitazama huku na huku. Robi alikuwa ananitazama. Hakunitazama kama mtu asiyejua.

Nikasema, "Ni mimi. Nilimchorea nyuma ya kalenda."

Hapo Robi akasogea mpaka mdomoni mwa shimo na hakuna aliyemzuia. Akasema, "Nilijua. Job alikuja nayo nyumbani, akaibandika ukutani, akasema Mwalimu ni bingwa. Bado iko pale, kama hamjafungua kufuli." Walter akamuuliza, "Na ulinyamaza?" Akajibu, "Ningesema, mngesema namsingizia mzee aliyenileta kwenu. Nilikuwa namngoja yeye."

Wachimbaji walikuwa na lao. Mashimo mawili ya jirani yamejengwa majukwaa kama la Job. Katika moja walikuwa waiwashe mashine Jumatatu, yaani leo. Waliyang'oa jioni hiyo hiyo.

Walter mwenyewe alifungua kufuli. Akamwambia Robi, mbele ya wazee, kwamba nyumba ni yake. Robi hakuingia. Alimchukua mdogo mgongoni, mkubwa akamshika mkono, akamwambia Walter, "Shemeji, asante. Hapa siwezi kulala." Aliponipita nilimwita kwa lugha yetu. Alipita. Walter akaniambia nisikanyage tena kwa Job.

Linet, nimejaribu sana kuelewa nilivyokosea. Nafikiri akili ikishika swali moja, maji, hutumia nguvu zake zote huko, na lile jingine, hewa, husimama pembeni bila kuonekana, kama haidrojeni yako. Nafikiri pia ni ugonjwa wa ualimu: mtu akiuliza swali zuri, furaha ya kulijibu

Linet
Bonn, Jumapili, 25 Mei 2025

[barua hii imeandikwa kwa mkono, chini ya picha ya ukurasa wa Mwalimu]

Mwalimu, nimekata barua yako hapo juu na kuandika chini yake, kwa sababu siwezi kusoma iliyobaki. Usinieleze tena. Maelezo yako ni mazuri mno. Yakikaa nami siku tatu nitaanza kuyaamini.

Umefanya uliloombwa, na watu wa mashimo mawili wako hai. Nimelipokea hilo. Nimezungumza na Robi kwa simu. Hakukutaja, nami sikumlazimisha.

Mimi nimebaki na jibu langu la tarehe tisa. Nalisoma kila siku. Niliandika karibu kila kitu, nikaacha neno moja. Sijui nitakaaje nalo.

Nataka vipimo tu. Kina cha shimo, mashine ilipokaa, muda, watu. Nitaviandika mahali na kuvifunga. Usiongeze sababu.

Linet


Ndhiwa
Alhamisi, 29 Mei 2025

Linet,

Kina cha shimo mita kumi na sita. Mashine mita tisa kwenda chini. Iliwashwa Alhamisi, tarehe kumi na tatu Machi, saa mbili asubuhi, ikazimika kabla ya saa tatu. Watu watatu.

Kuna kipimo hukuomba. Daftari lililokosa kipimo nilikuwa nikikurudishia, kwa hiyo nakitia.

Barua yako ya tarehe tisa niliichukua dukani Jumanne, tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi. Niliisoma pale pale nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye jiko la makaa niliona mashine. Neno uliloliacha nililisoma kama umeliandika. Hukuniacha na upungufu wowote. Ulionya kwa wakati.

Kutoka Jumanne saa nne mpaka Alhamisi saa tatu ni saa arobaini na saba. Karungu kutoka hapa si mwendo wa hata saa mbili kwa pikipiki. Nilijiambia Job anakuja Jumamosi na samaki, nitamwambia hapo, tukiwa wawili.

Sababu ninayo, lakini umenikataza.

Mourine alikuwa ameketi mbele yangu. Simu ilikuwa mkononi mwake.

Zablon Nyamhanga